Safu Niliyoichora Kando ya Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremka kwenye lori la vifaa, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nikiwa na shati la mikono mifupi, viatu vilivyopigwa kiwi na barua ya ajira mfukoni. Mimi ni Mbondei wa Muheza. Kwetu mtu akilalamika kuwa anasikia baridi hupelekwa zahanati akapimwe malaria. Pale ukingoni ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, na kwa ukungu uliokuwapo sikuiona hata miti iliyokuwa hatua ishirini mbele yangu. Meno yaligongana mpaka nikashindwa kutaja jina langu vizuri.

Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Umetoka wapi, kijana?"

"Muheza, mzee."

"Na koti lako limebaki wapi?"

"Sina koti, mzee."

"Basi hujafika. Mwili umefika, wewe mwenyewe bado uko Muheza." Akaingia ndani akaniletea koti lake kuukuu la kijani. Nilikaa nalo miezi minne.

Ninyi vijana mnaotazama mvua kwenye simu huenda hamjui kazi ya mpima hali ya hewa ilivyokuwa. Kila siku ya Mungu, Krismasi na Pasaka zikiwamo, saa tatu kamili asubuhi unakwenda kwenye uzio wako na daftari. Kuna kipimamvua, ndoo nyembamba ya shaba iliyofukiwa nusu ardhini, juu ina faneli na ndani ina chupa. Maji ya chupa unayamimina kwenye glasi yenye mistari, unapiga goti mpaka jicho liwe sawa na maji, ndipo unasoma.

"Maji yana tumbo na yana midomo," aliniambia Mkuu wa Kituo. "Pembeni yamepanda, katikati yamebonyea. Soma tumbo. Ukisoma midomo umewadanganya wakulima."

Pembeni ya kipimamvua kuna kibanda cheupe chenye miguu minne na kuta za vibao vilivyoinamishwa, ili hewa ipite lakini jua lisiingie. Humo mnakaa vipimajoto. Mlango wa kibanda chetu ulitazama kusini, na Mkuu wa Kituo alinisomesha jambo hilo nusu saa nzima: mlango ukiuelekeza vibaya, jua litapiga vipimajoto na kila utakachoandika kitakuwa takataka. Nililishika somo hilo vizuri sana. Mtaona lilivyonifaa, na lilivyoshindwa kunifaa.

Asubuhi iliyofuata chupa ilikuwa kavu. Nikaiacha nafasi ya mvua wazi kwenye daftari, nikafunga. Mkuu wa Kituo akalifungua.

"Hapa pana nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Haikunyesha."

"Haikunyesha, au ulilala?"

"Sikulala, mzee. Si tulikuwa wote?"

"Mimi najua. Atakayelisoma daftari hili wewe ukiwa kaburini atajuaje? Andika sifuri. Sifuri ni kipimo. Nafasi tupu ni uongo."

Nikamuuliza, kwa ujinga wa ujana, kama nafasi haiachwi tupu kabisa.

"Kituo kikifungwa," akasema. "Hapo unaandika 'Kituo kimefungwa,' unapiga mistari miwili kwa rula, unaweka sahihi, unakwenda zako nyumbani."

Sifuri sikuzipenda. Miaka ya ukame wakulima walikuwa wakija kuegemea uzio na kuuliza, "Bwana Mvua, leo ngapi?" Nikisema sifuri wananitazama utadhani chupa nimeinywa mimi. Jina hilo la Bwana Mvua lilinishika, mpaka leo watu wa Karatu, mji ulio chini ya kreta, wachache sana wanajua jina nililobatizwa.

Nilioa kwetu Muheza, nikamleta mke wangu ukingoni. Tulipompata binti yetu Stela, akawa Mama Stela nami nikawa Baba Stela, na ndivyo tunavyoitana mpaka sasa. Mama Stela ni mwimbaji. Kule kwetu sauti yake ilikuwa inasikika mpaka nje ya kanisa. Pale ukingoni ukungu uliingia chini ya mlango, nguo hazikauki, blanketi zina unyevu mwaka mzima. Mwaka wa pili akaanza kukohoa. Mwaka wa tatu kifua kikawa kinapiga filimbi, na daktari akasema ni pumu. Mama Stela akaacha kuimba. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaomba uhamisho. Kabla haujatoka walinituma Endulen wiki tatu, kufunga kipimamvua na kumfundisha mtu wa kukisoma. Jirani wa uzio wetu alikuwa mzee mmoja wa Kimaasai ambaye kila asubuhi alikuja kunitazama nikipiga goti mbele ya glasi. Siku ya nne akashindwa kuvumilia.

"Bwana Mvua, hii chupa yako inajua nyasi?"

"Haijui, mzee. Inajua mvua."

"Inajua upepo?"

"Hapana. Upepo wanapima watu wa vituo vya viwanja vya ndege. Sisi ni mvua na joto tu."

"Inajua inzi?"

Vijana wake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mwenyewe hakucheka.

"Sisi tukitaka kuhamisha boma hatuulizi chupa," akasema. "Tunatuma mtu na ng'ombe wachache, wanakwenda kulala huko. Ng'ombe akikataa, hatuhami."

Niliporudi nilimsimulia Mama Stela kama kichekesho. Hakucheka na yeye. Kumbe neno lile aliliweka moyoni.

Uhamisho ukatoka, tukashuka Karatu mjini. Kifua kilipata nafuu kidogo lakini hakikupona. Mimi kazi ilinoga. Mkuu wa Kituo wa pili alikuwa mama mmoja mpole aliyependa daftari safi kuliko chai, na alipostaafu nikashika nafasi yake. Watu walinijia kwa wingi wakati huo: walimu waliopangiwa shule za huku, wauguzi, vijana waliokuja kufanya kazi kwenye hoteli za watalii. Kila mmoja anataka kujua ahamie wapi. "Bwana Mvua, Ganako kukoje? Endabash kukoje?" Nilikuwa nafungua daftari, nawasomea miezi ya mvua, joto la juu na joto la chini, wanaondoka wameridhika. Nilijiona mshenga kati ya watu na nchi. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja, baada ya mwaka, kama ndoa ile ilidumu.

Kustaafu kulipokaribia, swali lile la kuhamia wapi likawa langu. Daktari aliniita pembeni akaniambia kifua cha mama kimechoka, na kwamba mahali tutakapojenga ndipo patakapoamua azeeke vipi. "Mtafutie mahali patakapomwacha apumue," akasema. Muheza hatukutaka kurudi. Wazee wetu walishakufa, Stela ameolewa Babati, na kanisa letu na majirani wetu wote wako huku. Nyumba ya mstaafu hujengwa mara moja. Ukikosea mahali, hakuna wa kumwandikia barua ya uhamisho.

Nikajifungia na madaftari siku mbili. Jibu likawa wazi: Endabash. Ni chini kuliko mjini, pana joto zaidi, mvua pungufu, ukungu hakuna. Ganako niliikata kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya baridi yake ya Juni na Julai. Mwezi wa tano tukaenda Endabash kutazama kiwanja. Masika yalikuwa yamekwisha punde, nyasi za kijani, mahindi yamesimama, hewa safi. Mama Stela akavuta pumzi ndefu bila kukohoa. Mwenye kiwanja akataka jibu wiki hiyohiyo, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine anakimezea mate.

Njiani tukirudi Mama Stela akaniuliza, "Sasa ng'ombe atakuwa nani?"

"Ng'ombe gani?"

"Si yule mzee wa Endulen alikwambia wanatuma ng'ombe wakalale kwanza? Basi ng'ombe ni mimi. Nipeleke nikalale."

"Mama Stela! Kiwanja kitachukuliwa. Nimepima nchi hii maisha yangu yote, leo unanifundisha?"

"Umepima, nani kakataa? Lakini hukulala."

Nilinuna mpaka Karatu, na siku mbili zaidi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi zangu zilikwisha kunyonyoka. Mwisho nikakubali kwa hasira. Kiwanja kikaenda kwa yule mwingine. Tukapanga hukohuko Endabash nyumba ya mwalimu mmoja aliyehamishwa, sebule inatazama mashariki, jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye meza. Nikamwambia mke wangu, "Umeona nyumba hiyo?"

Nilikuwa nimeshastaafu, lakini mkono haukukubali kukaa bure. Nikanunua daftari jipya, nikafunga kipimamvua cha kopo uani, nikachora safu: tarehe, mvua, joto. Kando ya mvua nikachora safu moja ambayo haipo kwenye daftari lolote la serikali. Juu yake nikaandika MS. Kila siku saa tatu kamili nilimuuliza Mama Stela usiku ameamka mara ngapi kutafuta pumzi, nikaandika.

Juni yote ilikuwa sifuri na moja. Julai vilevile. Maringo yalinijaa. Nilikuwa nikimsomea safu yake wakati wa chai, naye anasema, "Haya, Bwana Mvua, tumekusikia." Nikaanza kuulizia kiwanja kingine.

Agosti upepo ukaamka. Mwanzoni ilikuwa mchana tu. Kisha ukawa unaanza asubuhi na hauachi mpaka jua lizame, unatoka mashariki, umebeba vumbi laini linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Njia ya mifugo kwenda majini ilipita mbele ya mlango wetu. Ng'ombe mia wakipita, hewa inageuka unga. Safu ya MS ikaanza kuandika tatu, nne, tano. Safu ya mvua, sifuri. Safu ya joto, kama nilivyotabiri, nzuri kabisa. Nilikuwa nakitazama kitabu changu kinasema kweli tupu huku mke wangu anaishiwa pumzi.

Siku moja adhuhuri kundi kubwa lilipita na upepo ukalisukuma vumbi lote ndani. Nilikuwa uani. Niliposikia kimya ndani nikajua. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Dawa yake ya kuvuta aliitikisa, ikatoa mlio mkavu. Jamani, niliogopa. Niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi, nikabaki nimesimama na daftari mkononi kama mjinga.

Aliyetuokoa ni jirani, Mama Paskalina, mjane wa Kiiraqw aliyeishi nyumba ya pili. Aliingia bila hodi, akafunga mlango kwa teke, akalowesha kanga akaizibia chini ya mlango, akampigia simu mpwa wake mwenye gari. Tukaelekea hospitali Karatu. Njia nzima nilimshikilia Mama Stela kifuani kwangu. Karibu na mjini akafungua macho.

"Baba Stela."

"Usiseme. Pumua."

"Leo... andika... nyingi."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, mbele ya mpwa wa watu.

Alilazwa siku nne. Siku ya pili nilirudi Endabash kuchukua nguo, nikamkuta Mama Paskalina anafagia sebule yetu. Nikamshukuru. Akaegemea ufagio.

"Bwana Mvua, wewe si mtu wa hali ya hewa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hebu toka nje. Tazama nyumba za wenyeji. Nionyeshe moja ambayo mlango wake unatazama kule upepo unakotoka."

Nikatazama. Yake, ya jirani yake, zile za bondeni, hata banda la ndama. Zote zilikuwa zimeupa upepo mgongo. Ya kwetu peke yake ilikuwa imeufungulia mdomo.

"Hii ilijengwa na mwalimu wa kutoka mbali," akasema. "Alipenda jua la asubuhi. Tulimwambia, akasema sisi tuna mila za zamani."

Nilikaa kwenye kizingiti. Mlango wa kibanda cha vipimajoto nilijua unatazama wapi na kwa nini. Niliulinda miaka yote kwa ajili ya vipimajoto. Mlango wa nyumba anayolala mke wangu sikuuliza unatazama wapi. Miezi mitatu nimepita mbele ya nyumba zile kila siku nikienda dukani, na sikuziona.

Nisieleweke vibaya. Endabash si mahali pabaya. Watu wanalima, wanafuga, wanazeeka na kuona vitukuu. Ubaya ulikuwa kwangu, niliyemchagulia mtu mwenye pumu mahali kwa daftari lisilo na safu ya upepo wala ya vumbi, nikaenda kupakagua baada tu ya masika, wakati kila mahali ni pazuri.

"Dada yangu ameolewa Ganako," Mama Paskalina akaniambia. "Kule miti ni mingi, na vumbi halitimki hivi. Baridi ipo. Lakini usinisikilize mimi. Nendeni mkalale."

Safari hii sikununa. Tulipanga vyumba viwili kwa dada yake, tukakaa mwaka mzima, masika na vuli, kipupwe na miezi ya upepo. Juni baridi ilikuja kama daftari lilivyosema, nami nilikuwa nimeshajiandaa kwa mabaya. Mama Stela alivaa sweta mbili na soksi zangu. "Baridi navaa," alisema, "vumbi ningelivaaje?" Ukungu wa Ganako huja asubuhi na kuondoka, hauhamii ndani kama ule wa ukingoni. Jiko la kuni lilikuwa nje, mbali na chumba. Mlango ulitazama machweo, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mstari wa miti mirefu ya migrevilea unaovunja upepo. Agosti ikaingia. Nilikuwa naamka na wasiwasi, nangoja saa tatu kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri.

Kulikuwa na mengine ambayo hayana kipimo. Hospitali iko karibu. Majirani wanapita kuuliza hali, wanamfundisha Kiiraqw naye anawafundisha kupika wali wa nazi, akilalamika kwamba nazi za sokoni Karatu zimezeeka kuliko mimi. Na kwaya ya kanisa la juu kilimani ilikosa sauti ya kwanza. Walipomwomba, aliwaambia yeye alishaacha. Wiki iliyofuata nikamsikia jikoni, anapepeta mchele, anaimba polepole. Nilisimama nje na ndoo ya maji mpaka mkono ukafa ganzi, nisije nikamshtua.

Tukajenga Ganako. Nyumba ndogo, mlango unatazama kule milango ya wenyeji inakotazama. Fundi hakuniuliza wala sikumwambia. Siku hizi wageni bado wananijia, wengi watumishi waliopata uhamisho, wananionyesha picha za viwanja kwenye simu. Nawauliza nani ana kifua, nani ana magoti, mama anapenda nini, watoto watasoma wapi. Kisha nawaambia wapange kwanza, walale hapo msimu mbaya kuliko yote. Wengine wanaona nimezeeka.

Wiki iliyopita, mwezi wa upepo ukiwa umekwisha kwa mara ya tatu tangu tuhamie, nilikaa barazani saa tatu kamili, nikafungua daftari.

"Mama Stela, usiku uliamka mara ngapi?"

Alikuwa anajifunga kanga, kitabu cha nyimbo kwapani. Akanigeukia.

"Baba Stela, mimi ni kipimamvua?"

"Lazima niandike. Nafasi tupu ni uongo."

"Lete hilo daftari." Akavaa miwani yangu, akageuza kurasa moja baada ya moja, akiteremsha kidole kwenye safu yake. Sifuri kurasa nzima. Kazini nilizichukia maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nazitazama kama mtu anavyotazama mahindi yaliyojaa ghala. "Si uliniambia yapo maneno mnayoandika ili muache?" akaniuliza.

Nikaomba rula. Chini ya safu ya MS nikaandika, Kituo kimefungwa. Nikapiga mistari miwili, nikaweka sahihi. Akaninyang'anya kalamu akasema kituo ni chake, na yeye anatia sahihi.

Alipomaliza alishika njia ya kilimani kwenda kwenye kwaya. Njia ile ina mwinuko, vijana wenyewe hupumzika mara moja au mbili. Nilisimama mlangoni kumhesabia ni mara ngapi atasimama.

Hakusimama. Wala sifuri hiyo sikuiandika.